Jina na Maradhi: Historia ya Kuelewa UKIMWI katika Mbeya

I. Mahali na lugha yake

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, ikisha kupita Uyole, huingia katika Jiji la Mbeya na kukata kata ya Ilomba kabla ya kufika katikati ya mji. Kwa asili nchi hii ni ya Wasafwa, lakini aendaye sokoni leo atakuta humo Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha, Wamalila, Wakinga na Wabena, bila kuwasahau wageni waliotoka mbali zaidi. Mji wa Mbeya ulizaliwa katika miaka ya 1920, wakati dhahabu ya Lupa ilipokuwa ikivuta watu. Baadaye vijana wengi wa nyanda hizi walipita humo wakienda kutafuta kazi katika migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Barabara ilipotiwa lami, na reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, mapito yale ya zamani yakawa mkondo mkubwa wa watu na mizigo.

Jambo moja katika habari hizi lina maana kwa mwanafunzi wa lugha. Katika mahali kama Ilomba kila mtu ana lugha ya kwao, lakini mambo ya njiani, ya sokoni na ya zahanati husemwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo maradhi mapya yalipofika katika miaka ya 1980, hayakupewa jina katika Kisafwa wala Kinyakyusa kwanza, bali katika Kiswahili. Na kwa kuwa mtu huyaelewa maradhi kwa maneno aliyo nayo, historia ya maneno hayo ni sehemu ya historia ya maradhi yenyewe. Makala hii inakusudia kuifuata historia hiyo, na kuonyesha ni wapi maneno yalisaidia na ni wapi yalichelewesha.

II. Maneno yaliyotangulia

Kabla ya mwaka 1983 Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno ya magonjwa ya zinaa. Kulikuwa na kisonono, kaswende na sekeneko. Kulikuwa pia na tego, yaani uganga wa kumnasa mzinzi, ambao mtu akikutwa nao huugua. Maneno matatu ya kwanza yalihusu ishara zinazoonekana mwilini: usaha, kidonda, kuoza. La nne lilihusu kosa. Kwa pamoja maneno hayo yalifundisha kanuni mbili: kwamba ugonjwa wa zinaa huonekana, na kwamba humpata aliyekosa.

Kanuni zote mbili zilikuwa hazifai kwa maradhi yaliyokuwa yakija. Maradhi haya hukaa mwilini miaka mingi, aghalabu minane au kumi, bila ishara yoyote. Na humpata mke mwaminifu na mtoto mchanga kama ampatavyo mwingine yeyote. Mila nazo zilikuwa na sehemu yake. Godfrey na Monica Wilson, waliochunguza maisha ya Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika habari za urithi wa wajane, mila iliyowekwa ili mama na watoto wasikose mlinzi. Nia ya mila hiyo ilikuwa njema. Lakini pale mume alipokufa kwa maradhi yasiyoonekana, ulinzi huo uliweza kuwa njia ya kuyapitisha kutoka nyumba moja hadi nyingine.

III. Lakabu za njiani

Mwezi Juni 1981 waganga wa Marekani walitangaza habari za ugonjwa usiojulikana ulioua kinga ya mwili. Mwaka 1983 wataalamu wa Institut Pasteur huko Paris, miongoni mwao Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, walikitambua kijidudu chake. Mwaka huo huo wagonjwa watatu wa kwanza katika Tanzania walijulikana mkoani Kagera. Kufika 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha toa taarifa za wagonjwa.

Watu hawakungoja wataalamu wawape jina. Uganda waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza la wembamba, Slim, kwa kuwa mgonjwa alikonda. Kagera waliuita Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa kwa biashara ya mpakani. Lakabu hii ya pili yastahili kuangaliwa. Haikutaja kidonda wala kosa, bali ilitaja njia: iliunganisha maradhi na biashara, mapato ya haraka na safari. Kwa namna yake ilikuwa imeona jambo la kweli, kwamba maradhi yalifuata watu walioendaendao. Lakini ilikosea kwa kudokeza kwamba asiyefanya biashara yupo salama.

Lakabu za miaka iliyofuata zilienea nchi nzima, na madereva wakazifikisha kila kituo. Mtu aliyeambukizwa alisemwa kuwa amekanyaga miwaya, au ana ngoma, au ana mdudu. Herufi nne za jina la Kiingereza, AIDS, vijana walizipa maana ya mzaha: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Mzaha huo umelaumiwa mara nyingi, na kwa haki. Hata hivyo unathibitisha jambo moja: aliyeutunga alijua kwamba maradhi huua na kwamba huenea kwa kujamiiana. Habari alikuwa nazo. Alichokosa ni sababu ya kuamini kwamba habari hizo zingeweza kubadili maisha yake. Tena mwenye kukanyaga waya wa umeme hufa papo hapo. Istiari hiyo haikuacha nafasi ya mtu kuishi na maambukizi, na ikawafanya wengi waone kwamba kupima damu ni sawa na kwenda kusomewa hukumu.

IV. Neno UKIMWI

Jina rasmi lilitungwa kwa kuchukua silabi, si herufi moja moja: Upungufu wa Kinga Mwilini. Utungaji huu ulikuwa na bahati njema. Kiswahili kilikuwa tayari na majina ya maradhi yaanzayo na u-, kama ukoma, ukambi, upele. Basi UKIMWI uliingia katika ngeli hiyo bila taabu, na watu wakasema UKIMWI unaua, UKIMWI umeingia, kana kwamba neno lilikuwapo tangu zamani. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI ulipoanza mwaka 1988, jina lilikuwa tayari, nalo lilisambaa kwa redio na mabango kuliko istilahi nyingine yoyote ya kitabibu.

Lakini jina hili lilitaja mwisho wa safari tu. Upungufu wa kinga ni hali ya mwili uliokwisha shindwa. Sio kijidudu kilichoanzisha kushindwa huko. Kwa miaka mingi lugha ya kila siku haikuwa na neno la kawaida la hali iliyo katikati, yaani ya mtu mwenye kijidudu ambaye bado ni mzima, analima na kuzaa. Alikuwa ama hana UKIMWI ama ana UKIMWI. Kwa kuwa UKIMWI ulijulikana kwa kukonda, mtu mnene mwenye afya hakuweza kuwa nao. Hapo kanuni ya zamani, ya kwamba ugonjwa wa zinaa huonekana, ilirudi ndani ya neno jipya.

Neno kinga nalo lilikuwa na maana mbili. Kukinga ni kuzuia kitu kisifike, kama mtu akingavyo mvua kwa mwavuli. Na kinga ya mwili ni nguvu iliyo ndani ya damu. Hivyo kinga inayopungua na kinga inayovaliwa, yaani kondomu, zilitajwa kwa neno moja. Wauguzi walilazimika kufafanua kwamba ya pili hutumika kabla, na kwamba ya kwanza haiongezeki kwa kula vizuri tu.

Maswali ya wananchi ya wakati huo hayakuwa ya kijinga. Lililoulizwa sana lilikuwa la mbu: ikiwa mbu hunyonya damu na kueneza malaria, kwa nini asieneze UKIMWI? Jibu ni kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu na kuingia katika mate yake, ambayo ndiyo humwagwa katika ngozi anapouma. Virusi vya UKIMWI haviwezi kuzaliana ndani ya mbu, na mbu haingizi damu ya mtu wa kwanza katika mwili wa mtu wa pili. Virusi hivi hupita katika damu, shahawa, majimaji ya ukeni na maziwa ya mama. Havipiti katika sahani, kukumbatiana, kikohozi wala choo. Katika nchi hii sehemu kubwa kabisa ya maambukizi kwa watu wazima imetokana na kujamiiana kwa mwanamume na mwanamke.

V. Kirusi na virusi

Neno lililoziba pengo lilikuwa virusi. Kwa mwanaisimu, historia yake ni fupi na ya kupendeza. Neno la Kilatini lilikuja kwa njia ya Kiingereza, nalo kwa bahati lilianza kwa vi-. Wasemaji wakalichukua kuwa ni wingi wa ngeli ya ki- na vi-, kama visu na vikombe, wakalitungia umoja wake: kirusi. Hakuna aliyewaamuru, sarufi yenyewe ilifanya kazi. Ni kweli kwamba Kirusi ni lugha ya Warusi pia, lakini muktadha huondoa shaka.

Kutoka hapo zikapatikana Virusi vya UKIMWI, kwa kifupi VVU, na tofauti iliyokosekana ikaweza kusemwa: mtu ana VVU, lakini hana UKIMWI. Kwa sentensi hiyo mtu mzima mwenye maambukizi alipata mahali pa kusimama katika lugha. Pamoja nayo ikabadilika namna ya kumtaja. Zamani aliitwa mwathirika, neno lililowachanganya mgonjwa, mjane na yatima katika kundi moja la watu wa kuhurumiwa. Sasa maandishi rasmi husema mtu anayeishi na VVU. Neno la kati katika maelezo hayo ni kuishi, nalo ni jibu kwa ile istiari ya waya wa umeme.

Si kila istilahi iliyofuata ilikuwa na bahati hiyo. Majibu ya kipimo yalipewa maneno ya hesabu, chanya na hasi. Katika usemi wa kawaida jambo chanya ni jambo zuri. Basi aliyeambiwa kwamba majibu yake ni chanya aliweza kufurahi kwa dakika moja kabla ya kuelewa. Washauri wengi waliacha maneno hayo wakasema waziwazi: umekutwa na maambukizi, au hukukutwa nayo. Huo ni mfano mzuri wa watumiaji wa lugha kuirekebisha istilahi pale ilipowaumiza.

VI. Mbeya katika vitabu vya sayansi

Mkoa wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumizwa mapema na iliyochunguzwa mapema. Tangu 1988, kwa msaada wa Ujerumani, damu za akina mama wajawazito zilipimwa kwa utaratibu katika vituo teule. Miongoni mwa wale wa umri wa miaka 15 hadi 24, waliokutwa na maambukizi walikuwa asilimia 20.5 mwaka 1994, wakashuka hadi asilimia 14.6 mwaka 2000. Katika miaka ile wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda, na hapo ndipo vikundi kama KIHUMBE, yaani Kikundi cha Huduma Majumbani, vilipochukua kazi ya kuwauguza watu nyumbani kwao.

Mwaka 2000 watafiti waliandikisha wanawake 600 waliofanya kazi katika baa kandokando ya barabara kuu za mkoa. Takriban theluthi mbili walikutwa na VVU. Hesabu hiyo yapaswa kusomwa kwa uangalifu. Haisemi kwamba wanawake wale ndio asili ya maradhi. Yasema kwamba wao ndio waliosimama mahali ambapo hatari zote zilikutana, kwa mshahara mdogo na bila nguvu ya kukataa. Walipopewa tiba ya magonjwa ya zinaa na ushauri kwa utaratibu, maambukizi mapya miongoni mwao yalipungua. Hapo awali utafiti wa Mwanza, uliotangazwa mwaka 1995, ulikuwa umeonyesha kwamba kutibu magonjwa mengine ya zinaa vizuri kuliweza kupunguza maambukizi mapya kwa takriban asilimia 40.

Uchunguzi wa virusi vyenyewe ulifunua jambo ambalo mchunguzi wa lahaja atalielewa upesi. VVU vina jamii nyingi. Ile iitwayo C imetawala Kusini mwa Afrika. Zile ziitwazo A na D zimeenea zaidi upande wa Uganda na Kenya. Katika Mbeya zote tatu zilikutwa, na kwa wingi usio wa kawaida zilikutwa zimechanganyika: kirusi kimoja chenye kipande cha C na kipande cha A au D. Mchanganyiko wa namna hiyo huweza kutokea pale tu mtu mmoja anapokuwa na virusi vya jamii zaidi ya moja. Kama vile maneno ya kaskazini na ya kusini yanavyokutana katika kinywa cha mpiga debe wa Mbeya, ndivyo virusi vya kaskazini na vya kusini vilivyokutana katika damu za watu wake. Tofauti ni kwamba lugha hunufaika kwa kukutana huko, ilhali watu waliumia.

VII. Kutoka kurefusha hadi kufubaza

Tarehe 31 Desemba 1999 Rais Benjamin Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Mwaka 2001 ikaundwa Tume ya Kudhibiti UKIMWI. Mwishoni mwa 2004 serikali ilianza kutoa bila malipo dawa zilizokuwa zikitumika katika nchi tajiri tangu 1996. Mwezi Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete alipima damu yake hadharani ili wananchi wamfuate.

Dawa hizo kwanza ziliitwa dawa za kurefusha maisha. Jina hilo lilikuwa na ukweli, lakini lilimfanya mtumiaji aonekane kama mtu aliyeazimwa siku chache. Jina lililoshinda ni dawa za kufubaza virusi. Kufubaa ni kupoteza nguvu na mng'aro bila kutoweka. Kwa hiyo kitenzi hiki chasema kwa usahihi kile dawa inachofanya. Kirusi hakifi chote, kwa maana hujificha ndani ya chembe za mwili. Ila huzuiwa kuzaliana. Dawa ikiachwa, huamka. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichosemwa kuwa huponya, wako walioacha vidonge vyao kwa kuamini kwamba wamepona. Hapana ushahidi uliopatikana kwamba kikombe kile kiliondoa VVU. Msiba ule ulikuwa, kwa sehemu, msiba wa vitenzi viwili: kuponya na kufubaza.

Mwaka 2011 huo huo utafiti mkubwa uliohusisha nchi kadha ulithibitisha kwamba anayetumia dawa vizuri hupunguza mno uwezekano wa kumwambukiza mwenzake. Na baadaye ilidhihirika kwamba virusi vikifubazwa hata visionekane katika kipimo, mtu hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Mama mjamzito asiyepata huduma yoyote huweza kumwambukiza mtoto kwa uwezekano wa asilimia 15 hadi 45. Akipata dawa na huduma ifaayo, uwezekano hushuka chini ya asilimia 5. Tangu mwishoni mwa 2016 Tanzania huanzisha dawa kwa kila anayekutwa na VVU, bila kungoja kinga yake ishuke. Tiba, ambayo zamani ilihesabiwa kuwa kinyume cha kinga, imekuwa aina ya kinga.

Tohara nayo yataka neno. Majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, yaliyokamilika kati ya 2005 na 2007, yalionyesha kwamba humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Kwa kuwa makabila mengi ya Iringa na Mbeya hayakuwa na mila ya jando, huduma hiyo ilianza kutolewa kwa wingi mkoani Iringa kuanzia miaka ya 2009 na 2010. Lakini tohara kwa Kiarabu ni usafi, na msafi hudhani hana tena la kuogopa. Asilimia 60 sio 100. Aliyetahiriwa bado yu haja ya kondomu.

VIII. Kiwango gani?

Lipo tatizo moja la lugha ambalo bado halijatatuliwa, nalo linaigusa Mbeya moja kwa moja. Utafiti wa taifa wa 2003 na 2004 ulikuta asilimia 13.5 ya watu wazima wa Mbeya wana VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Bara wakati huo. Iringa ilifuata kwa 13.4. Utafiti wa 2016 na 2017 ulitoa asilimia 9.3 kwa Mbeya, na ule wa 2022 na 2023 ukatoa 9.6, wakati taifa lote lilikuwa 4.4. Mipaka imebadilika katikati, kwa kuwa Njombe ilitengwa na Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatengwa na Mbeya mwaka 2016, na umri wa waliopimwa haukuwa ule ule. Basi ulinganifu haupaswi kuvutwa mno.

Magazeti huziita hesabu hizi kiwango cha maambukizi. Msomaji wa Ilomba aonapo 9.3 ikawa 9.6 huhitimisha kwamba watu wanaambukizana zaidi na kwamba juhudi zote zimekuwa bure. Lakini hesabu hiyo ni ya watu wote wanaoishi na VVU. Zamani hesabu ilishuka kwa sababu mbili, waliokwepa maambukizi na waliokufa. Leo yaweza kubaki juu kwa sababu watu hawafi. Utafiti wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba, nchini kote, kati ya kila watu wazima 100 wenye VVU takriban 83 walijua hali yao. Kati ya hao waliojua, 98 kwa 100 walitumia dawa. Na kati ya watumiaji, 94 kwa 100 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Kinachostahili kuitwa maambukizi ni wale wapya, waliokadiriwa kuwa 60,000 kwa mwaka kwa nchi nzima. Wataalamu wamependekeza ushamiri kwa hesabu ya kwanza na maambukizi mapya kwa ya pili. Maneno yapo, kilichobaki ni kuyatumia. Mkoa unaoamini kwamba umeshindwa, ilhali umeokoa watu wake, waweza kukata tamaa ukaacha kazi iliyouokoa.

Jambo hilo si la nadharia tu. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha kwa ghafula misaada yake ya nje, ikiwamo ile iliyolipia sehemu kubwa ya huduma za VVU katika Afrika tangu 2003, na ikaonekana wazi jinsi kazi ya miaka 20 inavyoweza kutegemea uamuzi wa mbali. Anayetetea fungu la dawa mbele ya baraza au bunge atapaswa kueleza kwa nini 9.6 si kushindwa. Asipokuwa na maneno ya kutenganisha aliyeambukizwa jana na aliyeishi miaka 20 kwa vidonge, hataeleweka.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Historia ya Mbeya yaongeza kwamba maradhi huweza kufichwa hata na jina lake. Tego lilificha kijidudu nyuma ya kosa; Juliana ilikificha nyuma ya biashara; UKIMWI ulimficha mwenye afya nyuma ya mgonjwa; na kiwango cha maambukizi humficha aliyeokoka nyuma ya aliyeambukizwa. Kila mara neno jipya lilipopatikana na kuzoewa, watu wengine walioneka ambao hapo kwanza hawakuonekana. Kazi hiyo ya kutaja sawasawa ni ya waganga, na vilevile ni ya wenye lugha.